Bei ya karafuu Pemba: Ruzuku ya Serikali au fedha ya mkulima mwenyewe?

KISIWANI Pemba, kabla mtu hajauliza mikarafuu imezaa kiasi gani, atauliza kwanza Serikali imetangaza bei gani. Kuanzia Konde kaskazini hadi Kengeja kusini, tangazo hilo la bei ndilo linaloamua kama nyumba itaezekwa mabati mwaka huu, kama deni la dukani litamalizika na kama mtoto aliyefaulu atapata nauli ya kwenda kuendelea na masomo. Wenye maduka ya Wete, Chake Chake na Mkoani nao wanalisubiri, kwa sababu wengi wao wameshakopesha mchele na sukari kwa ahadi ya karafuu ambazo bado ziko mtini.

Bei hiyo hutangazwa na Serikali na hulipwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo kwa miongo mingi ndilo limekuwa mnunuzi wa karafuu anayetambuliwa na sheria. Kwa kuwa bei inatoka serikalini, wakulima wengi, na hata baadhi ya watu wa mjini wasio na mkarafuu hata mmoja, wameizoea kuiita ruzuku. Husikika mtu akisema kuwa Serikali inawabeba wakulima wa karafuu. Kauli hiyo inafaa ipimwe kwa hesabu, kwa sababu jibu lake si lile lile kila mwaka.

Ruzuku, kwa maana ya kiuchumi, ni fedha ambayo mzalishaji anapewa juu ya ile ambayo soko lingempa, au punguzo la gharama ambalo mtu mwingine, kwa kawaida mlipa kodi, analibeba kwa niaba yake. Mkulima anayelipwa chini ya bei ya soko hapewi ruzuku, hata kama bei yake imetangazwa na Waziri. Yeye ndiye anayetoa.

Tuchukue mfano. Tuseme karafuu zinauzwa nje kwa dola 8,000 za Marekani kwa tani, na dola moja ni shilingi 2,300. Kilo moja ni dola 8, yaani shilingi 18,400. Asilimia 80 ya hiyo ni shilingi 14,720. Mkulima akilipwa shilingi 14,000 kwa kilo, amepata kama asilimia 76 ya bei ya nje. Kinachobaki, shilingi 4,400, ndicho kinachonunua magunia, kulipa mishahara ya vituo, ghala, usafiri hadi bandarini na faida ya Shirika. Hapo hakuna ruzuku. Kuna mfanyabiashara aliyechukua sehemu yake, na mtu anaweza kujadili kama sehemu hiyo ni kubwa au ni ya haki.

Soko likipanda hadi dola 10,000 kwa tani na bei ya mkulima ikabaki pale pale, kilo moja inauzwa nje kwa shilingi 23,000 na mkulima anapata asilimia 61. Likishuka hadi dola 6,000, kilo inauzwa kwa shilingi 13,800. Sasa mkulima analipwa zaidi ya bei yenyewe ya nje, na gharama zote za Shirika hazina wa kuzilipa isipokuwa Hazina. Hapo ndipo neno ruzuku linapoanza kuwa la kweli. Bei ni ile ile shilingi 14,000, jina lake limebadilika mara tatu.

Namba hizo za soko ni za mfano, lakini shilingi 14,000 si ya kubuni. Baada ya bei kupandishwa kwa kishindo mwaka 2011, ikafika shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ilishuka kidogo na kukaa kwa misimu kadhaa katika shilingi 14,000 kwa daraja la kwanza, 12,000 kwa la pili na 10,000 kwa la tatu. Msingi wake ulikuwa sera iliyotangazwa chini ya Rais Dk. Ali Mohamed Shein, aliyeongoza Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020, kwamba mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kwamba bei ya ndani isishushwe hata kama soko la nje litashuka. Sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo ni mgawanyo wa mapato, na ya pili ni bima. Mara nyingi zimetajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali gharama zake ni tofauti kabisa.

Robo ya ushuru

Kwa nini mkulima wa Pemba ana mashaka anapoambiwa anasaidiwa? Sababu zipo nyingi na ni za zamani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi za Zanzibar. Tangu mwishoni mwa karne hiyo, Serikali ya Sultani, na baadaye ya Waingereza waliotawala kwa jina lake, ilikuwa ikichukua ushuru wa robo nzima ya karafuu zinazofika forodhani. Kwa miaka mingi robo hiyo ilichukuliwa kwa karafuu zenyewe, si kwa fedha. Katika magunia manne, moja la Serikali.

Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, CGA. Kilikusudiwa kumwokoa mwenye shamba na madeni ya matajiri waliomkopesha kwa rehani ya mikarafuu. Lakini mwaka 1937 sheria ilikipa mamlaka makubwa ya ununuzi, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia biashara hiyo, wakiungwa mkono na Chama cha Congress huko India, mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Mkulima alikaa katikati, amezishika karafuu zake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya Serikali, mashamba makubwa yakagawiwa kwa eka tatu tatu, na biashara ya karafuu ikawekwa mikononi mwa shirika la umma. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 karafuu zilikuwa na bei ya juu sana duniani, kwa sababu viwanda vya sigara vya Indonesia, vinavyochanganya tumbaku na karafuu, vilizihitaji kwa wingi. Fedha hizo zilijenga mengi Zanzibar, lakini aliyechuma alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Katika hesabu ya kiuchumi, mkulima wa Pemba ndiye aliyekuwa akiipa Serikali ruzuku.

Matokeo yalionekana shambani. Mikarafuu mizee haikupandiwa mingine, vichaka vikaachwa vikapanda, na penye nafasi watu wakapanda mihogo na migomba. Usiku majahazi yakavuka kuelekea pwani ya Kenya. Indonesia nayo ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 haikuwa na haja tena ya kununua kwa wingi. Bei ya dunia ikaporomoka.

Magendo ni mzani

Vikosi, doria na kesi mahakamani vimetumika miaka mingi kupambana na magendo ya karafuu. Anayesafirisha kwa magendo, hata hivyo, anapiga hesabu kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Katika mfano wetu wa juu, soko linapokuwa shilingi 23,000 na kituo kinalipa 14,000, tofauti kwa gunia la kilo 50 ni shilingi 450,000. Kwa fedha hiyo mtu anakodi chombo, analipa mabaharia, anavumilia hatari na bado anabaki na kitu. Tofauti ikipungua, chombo hakilipi. Ndiyo maana baada ya bei ya 2011 karafuu nyingi zilirudi vituoni zenyewe, na hakuna doria iliyowahi kufanya kazi hiyo kwa kasi ile. Wanaopanga bei wangefaa kuutazama ukubwa wa magendo kama mwenye duka anavyoutazama mzani.

Ruzuku za kweli ni zipi?

Zipo, na si ndogo. Kwanza ni miche ya mikarafuu inayokuzwa katika vitalu vya Serikali na kugawiwa wakulima bila malipo. Pili ni mikopo isiyo na riba ambayo ZSTC imekuwa ikiwapa wenye mashamba kabla ya msimu ili walipe wachumaji, kisha inakatwa karafuu zinapouzwa. Asiyeujua uzito wa mkopo huu na aulize wanaokopa kwa tajiri wa mtaani na kulipa kwa karafuu mbichi. Tatu ni fidia kwa wanaoanguka mikarafuu, ambayo imekuwa ikilipwa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu. Mkarafuu hupanda mita kumi na zaidi, matawi yake hukatika bila onyo, na kila msimu kuna majeruhi.

Fedha za namna hiyo zina sifa moja ambayo bei haina: zinaweza kumfikia mtu asiye na mikarafuu. Bei humfikia mwenye karafuu kavu siku ya kupima, basi. Mwenye mikarafuu mia moja anafaidika mara kumi zaidi ya mwenye kumi. Aliyekodi mikarafuu ya Serikali kwa msimu mmoja anafaidika kwa kile kilichobaki baada ya kodi, na bei ikipanda, kodi nayo ina tabia ya kuifuata. Mchumaji analipwa kwa pishi la karafuu mbichi, kwa kiwango kinachopatanwa shambani, na hakuna tangazo la Serikali linalosema ujira huo upande bei inapopanda. Wanawake wanaokaa usiku kucha kuchambua karafuu na makonyo wako mbali zaidi na tangazo hilo.

Wapo pia wanaouza karafuu mbichi kwa vikombe. Biashara hii imepigwa marufuku mara nyingi kwa hoja kwamba inachochea wizi, na ni kweli mwizi haanikii karafuu alizoiba. Lakini si kila anayeuza kikombe ni mwizi. Wengine ni wakulima wadogo wenye shida ya siku hiyo hiyo, mgonjwa au msiba, ambao hawawezi kusubiri siku tano za jua na foleni ya kituo. Marufuku haimpi mtu huyo fedha. Mkopo mdogo wa haraka kwa mwenye mikarafuu mitano au sita ungemaliza sehemu kubwa ya vikombe bila ya kumkamata mtu.

Daraja linaloshinda ruzuku

Kuna fedha nyingine ambayo wakulima wengi wanaipoteza bila kumlaumu mtu, nayo iko kwenye jamvi. Tukitumia zile bei za madaraja matatu, tuchukue mkulima mwenye kilo 300 za karafuu kavu. Daraja la kwanza zinampa shilingi 4,200,000. Tuseme uchumaji, uchambuaji na usafiri vimemgharimu shilingi 1,680,000. Anabaki na 2,520,000. Karafuu hizo hizo zikiingia daraja la tatu anapata 3,000,000, gharama hazipungui hata senti, na anabaki na 1,320,000. Karibu nusu ya faida imekwenda na maji.

Na ni maji kweli. Uchumaji mkubwa mara nyingi hukutana na mvua za vuli. Karafuu zilizorundikwa usiku mmoja bila kuanikwa huchemka na kupoteza rangi. Zilizoanikwa kwenye lami au sakafu chafu huchukua mchanga na harufu ya mafuta. Zilizobakishiwa makonyo hushuka daraja, ilhali makonyo yenyewe yana soko lake, kwani ndiyo yanayokamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Mkulima mwenye majamvi ya kutosha na turubai la kufunikia anajipatia nyongeza ya bei ambayo hahitaji kuisubiri kutoka kwa mtu yeyote. Kama kuna shilingi ya umma inayotafuta pa kwenda, turubai na majamvi kwa wakulima wadogo ni mahali pazuri kuliko nyongeza ya shilingi 200 kwenye bei ya kila mtu.

Somo la Indonesia

Hofu kubwa ya bei isiyoshuka ni siku itakapokutana na soko lililoshuka kwa muda mrefu. Indonesia ilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliunda chombo kimoja cha kununua karafuu zote, kikiongozwa na Tommy Suharto, mtoto wa Rais wa wakati huo, kwa mkopo wa benki kuu. Kilitangaza bei ya juu kwa wakulima na ya juu zaidi kwa viwanda vya sigara. Viwanda vikakataa kununua kwa wingi kwa sababu vilikuwa na akiba yao, wakulima wakaleta karafuu nyingi zaidi, maghala yakajaa. Muda si mrefu chombo kile kile kikawashauri wakulima waipunguze mikarafuu yao. Mwaka 1998 kilifungwa, kikiwa miongoni mwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Wakulima wengi walikuwa wameshaikata mikarafuu.

Pemba si Indonesia. Zanzibar haina viwanda vya sigara za karafuu na inauza karibu kila kitu nje, kwa hiyo haiwezi kumlazimisha mnunuzi kulipa bei yoyote. Ndiyo maana bima ya bei hapa inahitaji akiba iliyowekwa katika miaka ya neema. Dola ikiwa 10,000 kwa tani na mkulima anapata asilimia 61, ile tofauti ya ziada juu ya asilimia 20 ya Shirika ni fedha ya nani? Ikiwekwa katika akaunti inayojulikana, ikatangazwa kila mwaka na ikatumika soko linaposhuka, basi mkulima anajiwekea mwenyewe na hana sababu ya kukimbilia majahazi. Ikiingia katika matumizi ya kawaida, itakuwa ile robo ya zamani kwa jina jipya. Mfuko wenye jina la karafuu umekuwapo kisheria. Kinachohitajika ni mkulima wa Mtambile au Mgogoni aweze kusoma hesabu yake ukutani mwa kituo cha ununuzi, pembeni ya bei ya siku.

Mpunga nao

Ruzuku inayoonekana wazi zaidi Pemba iko mabondeni. Kwa miaka kadhaa baada ya 2010, Serikali ya Mapinduzi ilibeba sehemu kubwa ya gharama za kulima kwa trekta, mbegu, mbolea na dawa ya magugu kwa wakulima wa mpunga, nao wakalipia kiasi cha robo tu. Hiyo ni ruzuku bila ubishi. Lengo ni kupunguza mchele unaoagizwa kutoka Asia, kwani Zanzibar huagiza sehemu kubwa ya mchele inaoula. Kasoro yake inajulikana na kila aliyelima bonde la kutegemea mvua: trekta la bei nafuu lililokuja wiki tatu baada ya mvua ni ghali kuliko jembe la mkono. Mabonde yanayopata maji ya uhakika, kama yale yaliyoingizwa katika mradi wa umwagiliaji kwa mkopo wa Korea Kusini, yanaweza kusubiri. Mengine hayawezi, na kwa hayo ingefaa mkulima apewe hati ya punguzo akatafute trekta mwenyewe, la Serikali au la mtu binafsi.

Jambo moja linawachanganya wengi. Redio za Bara zilipotangaza mwaka 2022 kuwa mfuko wa mbolea ya kupandia au kukuzia utauzwa shilingi 70,000 kwa ruzuku, baadhi ya wasikilizaji wa visiwani walitaraji kuuona madukani kwao. Kilimo si jambo la Muungano. Mpango ule ni wa Tanzania Bara, na ruzuku za Pemba hutoka katika bajeti ya Zanzibar.

Kwa anayefikiria kupanda mikarafuu mipya, hesabu ni ndefu kuliko bajeti yoyote. Mche huhitaji kivuli mwanzoni, ndiyo maana wazee hupanda migomba au mihogo kwanza. Huanza kuzaa baada ya miaka mitano hadi minane, na hufikia uzazi kamili kwenye miaka kumi na mitano au ishirini. Mche wa bure unaopandwa masika haya utapimwa kituoni wakati ambapo hakuna ahadi yoyote ya bei iliyopo leo itakayokuwa bado inazungumzwa. Miche mingi iliyogawiwa imekufa mwaka wa kwanza kwa kukosa kivuli na palizi, kwa kuwa kitu kilichohesabiwa kilikuwa idadi iliyotoka kitaluni. Nusu ya thamani ya mche ingelipwa mwaka wa tatu, kwa mkulima anayeonyesha mkarafuu ulio hai, vitalu visingelazimika kurudia kuotesha kwa ajili ya shamba lile lile.